Ethi Moja, Si Mbili



Mwezi Agosti mwaka 1753, jijini St. Petersburg nchini Urusi, mwanasayansi Georg Wilhelm Richmann alikuwa mkutanoni aliposikia ngurumo. Akaondoka mbio kurudi nyumbani. Juu ya paa lake alikuwa amesimamisha fimbo ya chuma, na waya kutoka kwenye fimbo hiyo ulishuka hadi chumbani, kwenye kifaa cha kupimia umeme. Fimbo ile haikuunganishwa na ardhi. Hakusahau; alitaka kuupima umeme wa mawinguni, na umeme ukishapewa njia ya kwenda ardhini haungoji kupimwa. Alipoinama kutazama kipimo, moto uliruka ukampiga kwenye paji la uso. Alifariki pale pale. Mchoraji aliyekuja naye kulichora jaribio lile aliangushwa chini, akapona.

Chumba cha Richmann nakiona kila ninapoingia kwa mtu mwenye redio ya ridhaa. Nawasema wale wenye kibali cha kurusha mawimbi kwa mapenzi yao tu, bila mshahara wala biashara, ambao alama za vituo vyao huanza na 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya na 5X kwa Uganda. Nje kuna mlingoti. Kutoka kileleni kebo inashuka, inapita dirishani, inaishia mezani mbele ya kifua cha mtu. Kama kuna kinachomtofautisha mtu huyo na Richmann, kimefukiwa ardhini.

Nasi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunakaa mahali penye radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia. Usiku dhoruba huzaliwa juu ya maji yenyewe, mchana huhamia nchi kavu. Watu wa Kisii wanaijua vizuri. Mwaka 2011, huko Kiryandongo nchini Uganda, radi iliingia darasani ikaua wanafunzi 18. Wapo wanaosema radi hutumwa na mtu, na sitasimama mbele ya mfiwa kubishana naye. Ninachokijua ni njia inayopita ikishafika, na njia hiyo tunaweza kuipanga.

Nina rafiki mjini Bukoba, mwalimu mstaafu, mwenye mlingoti wa bomba wa mita 12 nyuma ya nyumba. Alimwita fundi amwekee ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini. Fundi akapigilia fimbo mpya kando ya migomba, akaifunga kwenye redio, akamwambia: "Mwalimu, ethi ya redio isichanganywe na ya umeme wa nyumba, itakuletea kelele." Ethi ya nyumba ilikuwa mbele, chini ya mita ya umeme. Kati ya fimbo hizo mbili palikuwa na kama hatua 20.

Masika yakaja. Radi haikuupiga mlingoti wake. Ilipiga mparachichi kwenye shamba la jirani. Nilipofika, Mwalimu alikuwa ameifungua redio juu ya gazeti. Harufu ya kuungua ilikuwa bado haijaisha. Kwenye bodi, pale palipokuwa na njia nyembamba za shaba, palibaki michirizi myeusi kama iliyochorwa kwa mkaa. Antena nzima. Kebo nzima. "Mwanangu," akaniuliza, "si nilikuwa na ethi?"

Alikuwa nazo mbili, na hilo ndilo lililoiua redio yake.

Tuhesabu pamoja. Radi ya kawaida hubeba mkondo wa kama ampea 30,000. Fimbo nzuri ya mita 2.4 kwenye udongo wenye unyevu huwa na ukinzani wa makumi ya omu; tuseme 40. Zidisha, unapata volti 1,200,000, wakati soketi ya nyumbani ina 230. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba fimbo huibakiza nyumba kwenye sifuri. Mkondo wa radi ukiingia ardhini, ardhi yenyewe hupanda, na hupanda zaidi karibu na pigo kuliko mbali nalo. Mparachichi ulipopigwa, udongo wa migombani ulipanda kwa kiwango kimoja, udongo wa chini ya mita kwa kiwango kingine. Fimbo hizi mbili zilikuwa na daraja moja tu kati yao: waya wa redio, redio yenyewe, chombo cha kuipa umeme, kisha waya wa ethi wa nyumba. Mkondo ukavuka daraja.

Watu wa pwani watanielewa upesi. Maji yakijaa, mashua zilizofungwa pamoja hupanda pamoja. Inayozama ni ile iliyofungwa kwa kamba fupi gatini.

Kwa hiyo fimbo zote zifungwe pamoja kwa waya mnene chini ya ardhi: ya mlingoti, ya redio, ya umeme wa nyumba, hata ya dishi la televisheni. Nawaomba mafundi wanaonisikiliza wanivumilie hapa, maana najua wengi walifundishwa kinyume chake, tena kwa nia njema. Ukiongeza fimbo ya pili au ya tatu, iweke mbali na mwenzake kwa karibu mara mbili ya urefu wake, zisigombanie udongo uleule. Viungo vifungwe kwa kibano na bolti. Risasi ya kulehemu isitegemewe peke yake, huyeyuka.

Kuna jambo jingine nililoliona migombani. Waya wa ethi ulikuwa umebaki mrefu, na fundi, kwa usafi wa kazi, aliuzungusha duara kama kamba ya ng'ombe akauning'iniza kwenye msumari. Msikilizaji, radi hupanda ghafla mno, maelfu ya ampea ndani ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa kasi hiyo, hata mita moja ya waya mnyoofu inaweza kuwa na tofauti ya volti 20,000 kati ya ncha zake. Ukiuzungusha duara, unaongeza kizuizi juu ya kizuizi, na radi itatafuta njia fupi zaidi, hata kama ni kwa kuruka hewani kuingia ukutani. Waya wa ethi uwe mfupi, ushuke moja kwa moja, na ukilazimika kupinda upinde taratibu bila kona kali. Utepe mpana wa shaba hushinda waya wa mviringo. Shaba ikiwa ghali, au ukihofia wezi wake, chuma cha mabati kitafanya kazi, ila usikikutanishe na shaba uchi mahali penye unyevu, vitalana.

Sasa ile kelele aliyoiogopa fundi. Hapa ndipo wengi wanapochanganya kazi mbili tofauti. Ethi ya radi ni ya usalama. Kurusha mawimbi ni suala jingine. Antena ya nyaya mbili zilizotandazwa kulia na kushoto haihitaji ethi ili irushe vizuri. Inaihitaji ili isikuue. Antena ya kusimama wima ni tofauti, maana nusu yake ya pili ni ardhi. Kwa masafa ya megahezi 7 inasimama kama mita 10, na ukiifungia fimbo moja tu chini, nguvu yako nyingi itaishia kupasha udongo moto. Tandaza waya chini yake pande zote kama miale ya jua. Miale 16 ya mita tano tano inafaa kuliko minne mirefu, na inaweza kulala juu ya nyasi au kufukiwa kidogo tu. Ifunge pia kwenye ethi, nayo itasaidia kuitawanya radi. Mkaaji wa ghorofa ajue kwamba waya wa ethi wa mita 10 kwenye masafa hayo ni robo ya wimbi, na kwa mawimbi ncha yake ya juu ni kama haijafungwa popote. Kelele za majirani mara nyingi hupanda kwenye ngozi ya nje ya kebo. Dawa yake ni kuipitisha kebo mara kadhaa ndani ya pete za feraiti. Kuitenga ethi hakuponyi.

Tulirudi migombani, Mwalimu na mimi, na jembe. Tulichimba mtaro wa kina cha nusu mita kuizunguka nyumba, tukalaza waya wa shaba kutoka fimbo ya nyuma hadi ya mbele, kazi ya siku mbili. Upande wa kuunganisha kwenye ethi ya umeme tulimwachia fundi umeme mwenye leseni. Nje ya dirisha tukafunga bamba la shaba. Kebo zote zinapita hapo, kila moja na kizuia radi chake, na bamba limeshuka kwenye fimbo kwa utepe usiofika mita moja. Tuliitupa pia chupa ya kioo. Mwalimu alikuwa na desturi ya kuchomoa kebo na kuitumbukiza ncha yake kwenye chupa, mezani, kama wanavyofanya wengi. Umeme uliovuka kilomita za hewa hauzuiwi na chupa. Sasa kebo inachomolewa nje, kwenye bamba, kabla wingu halijafika.

Juzi mvua kubwa iliipiga Bukoba usiku kucha. Asubuhi nikampigia simu Mwalimu kumuuliza hali ya redio.

"Sijaiwasha bado," akasema. "Nilichomoa saa kumi jioni, ziwa lilipoanza kuwa jeusi, nikaenda kukaa na mama yako jikoni."