MTO UNABEBA UDONGO KIASI GANI?



Leo tunataka tuzungumze juu ya maji mekundu ya mto. Masika yakianza, sote tunaona mto unabadilika rangi. Rangi ile ni udongo. Ni shamba la mtu linasafiri.

Tuchukue Mto Mgeta, huko Morogoro. Unaanzia milima ya Uluguru, unashuka bondeni na kuingia Mto Ruvu. Ruvu nao unakwenda mpaka Bahari ya Hindi, karibu na Bagamoyo. Tarehe 23 Februari, 1970, mvua kubwa ilinyesha Mgeta kwa muda usiozidi masaa matatu. Ardhi ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Wataalamu walipochunguza, waliona karibu maporomoko yote yalianzia mashambani na penye majani matupu. Penye msitu yalikuwa machache sana.

Je, udongo uliomo mtoni hupimwaje? Siyo kwa kukisia. Kwanza, wapimaji huteka maji kwa chupa maalumu, katikati ya mto na kandokando, toka juu mpaka chini. Chini huwa na mchanga mwingi kuliko juu. Pili, huyachuja maji, huukausha udongo uliobaki na kuupima kwenye mizani. Tatu, hupima upana wa mto, kina chake na mwendo wa maji. Hapo hujua maji mangapi yanapita.

Haya, tupige hesabu. Tuseme lita moja ina gramu 2 za udongo. Haijazi hata kijiko cha chai! Tuseme kila sekunde zinapita lita 10,000. Basi kila sekunde zinapita kilo 20 za udongo. Kwa saa moja ni kilo 72,000, yaani tani 72. Lori la tani 7 lingekwenda safari zaidi ya 10.

Lakini tuangalie: kipimo cha kiangazi peke yake kinadanganya. Sehemu kubwa ya udongo wa mwaka hupita katika siku chache za mafuriko. Kwa hiyo mpimaji lazima apime hata siku za mvua kubwa.

Huko bondeni tope lina faida na hasara. Likitandaa kwa kiasi, mpunga hustawi. Likizidi, hujaza mifereji na mabwawa.

Sisi nasi tunaweza kuanza. Baada ya kila mvua kubwa, tuteke maji ya mto kwa ndoo yenye kamba, tukisimama mbali na ukingo. Tuyatie katika chupa nyeupe, ileile kila mara, tuijaze sawasawa. Tuiache usiku kucha. Asubuhi tupime kimo cha tope kwa rula. Tuandike katika daftari: tarehe na kipimo. Kusoma na kuandika tunajua, sivyo?

Tope likizidi mwaka hadi mwaka, tuulizane: huko juu nani amelima bila matuta? Nani amefyeka miti ya ukingoni? Daftari litakuwa shahidi wetu.