Mawe Mazuri na Jirani Aliye Hai

Dominika ya 33, Mwaka C (Lk 21:5-19)



Injili ya leo yatuonyesha watu wakiusifu uzuri wa hekalu la Yerusalemu, mawe yake na sadaka zilizolipamba. Yesu hawakemei kwa kupenda kilicho kizuri. Anawaonya tu kwamba siku yaja ambapo halitasalia jiwe juu ya jiwe. Neno hilo lilitimia mwaka 70, askari wa Kirumi walipoliteketeza hekalu.

Mwaka 2025, katika hija ya Jubilei, tulijaliwa kutembea mjini Roma siku nzima pamoja na rafiki yetu, mwalimu mstaafu. Asubuhi tulisimama chini ya Tao la Tito. Ndani yake wamechongwa askari wakibeba nyara za hekalu lile, pamoja na kinara cha taa chenye matawi saba. Rafiki yetu alitazama kimya kwa kitambo, kisha akasema, "Padre, kumbe hata kubomoa kwajengewa ukumbusho!"

Hatua chache kutoka hapo tuliifikia Koloseo, iliyozinduliwa na Kaisari Tito huyo huyo mwaka 80. Humo maelfu walikusanyika kutazama wanadamu na wanyama wakiuawa kwa mchezo. Leo ni gofu. Tetemeko la ardhi la mwaka 1349 liliangusha sehemu kubwa ya upande wa kusini, na mawe yake yakachukuliwa kujengea majumba mengine. Aliyebomoa naye hubomokewa.

Nje ya gofu hilo kijana mmoja kutoka Afrika Magharibi alikuwa akichuuza bangili. Watalii walimpita kama wapitavyo nguzo. Rafiki yetu alisimama, akamsalimu kwa Kifaransa, akamwuliza jina lake na habari za mama yake. Kijana akatua mzigo, na machozi yakamlengalenga. Wakaketi ukutani wakizungumza. Tulipomkumbusha rafiki yetu kwamba zamu yetu ya kupita Mlango Mtakatifu wa Basilika ya Mtakatifu Petro imekaribia, alijibu kwa upole, "Mlango utatungoja, Padre. Huyu kesho hatutamwona." Zamu ikapita, nao wangali wakizungumza.

Ndugu wapendwa, hatusemi tuache kujenga. Waamini wetu huchangishana kwa jasho ili Bwana apate nyumba ya heshima, na hilo ni jambo jema. Lakini tujiulize: tupitapo nyumba kwa nyumba tukikusanya mchango wa ujenzi, je, twamjua mgonjwa aliyelala chumba cha ndani? Twamjua mjane aliyekosa mbegu, au kijana aliyeacha kusali nasi kwa kuona haya ya nguo zake? Kanisa laweza kukamilika mpaka kengele, huku jirani yake amebomoka.

Dominika hii ndiyo pia Siku ya Maskini Duniani, iliyowekwa na Papa Fransisko na kuadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2017. Basi, juma hili kila jumuiya ndogo ndogo imtafute mtu mmoja ambaye tumezoea kumpita. Tusianze na msaada; tuanze na jina lake, kisha tuketi naye. Mawe yote yatapita. Mtu huyo ameumbwa kwa mfano wa Mungu, naye aitwa kuishi milele.

Mungu Mwenyezi awabariki. Amina.