Fomu ya Msaada wa Chuo Marekani: Nani Aijaze

Mazungumzo na wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka



Nimeombwa niseme juu ya misaada ya masomo huko Marekani, ninakofanya kazi katika ofisi ya misaada ya chuo kimoja. Vijana wa shule hii huniandikia wakiulizia fomu ya serikali iitwayo FAFSA, na baadhi yao wamekwisha kutozwa fedha na watu wanaodai kuwa watawajazia. Basi nianze na hilo. Fomu hiyo haina ada hata senti moja. Anayekudai fedha ili uipate anakuuzia maji ya mvua.

La pili ni chungu zaidi. Mwanafunzi anayetoka hapa kwa viza ya masomo hana haki ya fedha za serikali ya Marekani, hata kama amepata daraja la kwanza. Fedha hizo ni za raia, wenye ukaazi wa kudumu, na makundi machache mengine yaliyotajwa na sheria. Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi sheria hiyo mwaka 1965, katika chuo alichosoma mwenyewe huko Texas, akiwafikiria watoto wa maskini wa nchi yake. Sioni sababu ya kumlaumu.

Lakini miongoni mwetu wamo wazazi ambao watoto wao ni raia wa huko au wana ukaazi wa kudumu, na hao ndio ninaowaona wakikosa haki yao. Katika mwaka wa masomo wa 2024/25 ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ilifikia dola 7,395 kwa mwenye shida zaidi. (Mikopo ni jambo jingine; hiyo hulipwa pamoja na riba.) Mzazi anayeishi hapa huandika mapato yake ya hapa, yakiwa yamegeuzwa kuwa dola. Mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani hamnyimi mtoto haki yake. Fomu mpya ilipotoka mwishoni mwa Desemba 2023, wazazi wa namna hiyo walisumbuka kwa miezi, maana mtambo uliwakataa. Wako pia wanaoogopa kuiandikia serikali majina yao kwa sababu hawana hati za ukaazi. Hao siwezi kuwaamulia, wala kuwaahidi lolote.

Tena, fomu hutazama mapato ya mwaka wa juzi. Aliyepoteza kazi tangu hapo asikae kimya. Aliandikie chuo, maana ofisi kama yetu ina mamlaka ya kuitazama hesabu upya.

Sasa ninyi wa madarasani. Fedha zenu ziko kwa vyuo vyenyewe. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humchagua hata mgeni bila kutazama uwezo wake wa kulipa, kisha hujazia pengo lake. Kuingia huko ni kazi kubwa. Vipo vyuo vingine vingi visaidiavyo wageni, ila huuliza kwanza utahitaji kiasi gani. Vingi hutaka fomu iitwayo CSS Profile, ambayo ina ada. Chuo chaweza kukusamehe ada hiyo ukikiandikia mapema, na wengi hawaandiki kwa kuona haya.

Mzazi mkulima hana hati ya mshahara. Aandike barua: aliuza magunia mangapi ya mahindi, kwa bei gani, na anawalipia ada watoto wangapi. Mimi barua ya namna hiyo huiamini kuliko karatasi yenye mihuri mitano.

Fomu ya serikali kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, lakini kila chuo kina tarehe yake ya mwisho, na mara nyingi huwa mapema kuliko ya serikali. Nitakuwa bwaloni hadi saa kumi. Njooni na majina ya vyuo mnavyovitaka, tuvitazame kimoja kimoja.