Mlango wa Duka Siku ya Sikukuu: Ufungwe kwa Ajili ya Nani?



Kila inapokaribia Krismasi, Pasaka au Idi, hoja moja hurejea katika mazungumzo ya wakazi: je, maduka yafungwe siku ya sikukuu, au yaachwe wazi kwa anayetaka kuuza na anayetaka kununua? Wanaotaka yafungwe husema kwamba sikukuu isiyo na mapumziko ni siku ya kazi iliyovikwa nguo mpya. Wanaotaka yaachwe wazi hujibu kwamba tumbo halina sikukuu, na mgonjwa hachagui siku ya kuugua. Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa. Tatizo ni kwamba mara nyingi kila upande unazungumzia duka lake, na maduka hayo hayafanani.

Duka la kwanza ni lile kubwa la barabarani, lenye mashine ya kutolea risiti, wapanga bidhaa, walinzi na vijana wa kubeba mizigo. Mwenye mali huenda hayupo hata wilayani. Mlango ukifunguliwa siku ya Krismasi, anayeamka alfajiri ni mwajiriwa, na yeye hakuulizwa. Duka la pili ni dirisha la mbao lililotobolewa katika ukuta wa nyumba. Mwenyewe amelala nyuma ya rafu, na mtoto wa jirani akibisha kutaka chumvi, anainuka, anapima, anapokea fedha na kurudi kwa wageni wake. Kuyaweka maduka haya mawili chini ya amri moja ni kumtendea mmoja wao isivyo haki.

Itafaa basi ianzwe na sheria iliyopo, kwa kuwa wengi hujadili sheria mpya bila kujua ile ya zamani inasema nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imeweka ukomo wa saa za kawaida za kazi: siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kifungu cha 25 kinasema kwamba mwajiriwa anayefanya kazi katika siku ya sikukuu iliyotajwa na sheria ya sikukuu za umma, atalipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi siku hiyo. Kwa hiyo sheria ya kazi haikudhani kwamba nchi nzima itafunga milango. Ilikubali kwamba wapo watakaobaki kazini, ikaweka bei ya saa zao.

Bei hiyo si ya kukisia. Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 292,500 kwa mwezi, kiasi kilichochaguliwa hapa ili hesabu iwe nyepesi. Kwa mwajiriwa wa saa 45 kwa wiki, mwezi huhesabiwa kuwa na saa 195, hivyo saa moja ni shilingi 1,500. Siku ya sikukuu saa hiyo ni shilingi 3,000, na aliyesimama nyuma ya meza kwa saa 8 anastahili shilingi 24,000 kwa siku ile moja. Soda ya bure na sahani ya pilau inayoletwa mchana ni ukarimu, na ukarimu ni jambo jema, lakini haulipi deni hilo.

Hapa ndipo penye kidonda. Katika maduka mengi muuzaji ni binamu, mpwa au kijana aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya kulelewa. Anaitwa mtoto wa nyumbani, na kwa jina hilo saa zake hazihesabiwi na sikukuu zake hazina malipo. Ikifika Idi, anaambiwa wateja ni wengi, avumilie. Ikifika Krismasi, anaambiwa vivyo hivyo. Undugu haufuti ajira. Mwajiri anatakiwa kumpa mwajiriwa maelezo ya maandishi yanayotaja kazi yake, saa zake na ujira wake. Asipoweza kuyatoa panapotokea shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti yaliyokuwepo unamwangukia yeye mwajiri. Aliyenyimwa malipo anaweza kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa madai ya namna hii muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Wengi huzimaliza siku hizo wakiona haya kumdai mjomba.

Iwapo malipo hayo yangetolewa kila mahali, sehemu kubwa ya ubishi ingejimaliza yenyewe. Mwenye duka kubwa angekaa na kalamu usiku wa tarehe 24 Desemba, akilinganisha mauzo ya kesho yake na ujira maradufu wa watu kumi. Wengine wangefunga bila kuamriwa na mtu. Wengine wangefungua nusu siku. Na kijana atakayebaki kazini angejua amebaki kwa thamani gani.

Hata hivyo, fedha hainunui kila kitu. Sikukuu nyingine katika kalenda ni za kitaifa, na kazi haizivunji heshima. Sabasaba hufanyika maonesho ya biashara na Nanenane maonesho ya wakulima, na hakuna anayelalamika kwamba watu wanauza na kununua. Kuuza na kununua ndiyo shughuli ya siku. Idi na Krismasi ni habari nyingine. Thamani yake imo katika kukutana: ibada ya pamoja, sinia moja, kaburi la mzee lililopaliliwa na wajukuu wote kwa mara moja. Mapumziko ya Jumanne ijayo, hata yakiwa marefu zaidi, hayawezi kuchukua nafasi yake, kwa sababu Jumanne ijayo wenzake hawatakuwapo.

Wanaojua safari za Desemba kuelekea Moshi watalielewa hili upesi. Mabasi hujaa na tiketi hutafutwa mapema. Mwajiriwa anayefungiwa duka tarehe 25 peke yake, na kutakiwa kazini tarehe 26, hajapewa sikukuu ikiwa kwao ni mbali. Amepewa siku ya kulala. Tarehe 26 nayo ni sikukuu kisheria, na pale penye wafanyakazi wawili au watatu inawezekana kupeana zamu: mmoja akapata siku hizi mbili pamoja na siku chache za likizo yake ya mwaka, mwenzake akapata Pasaka. Pale penye waumini wa dini mbili, jambo huwa jepesi zaidi. Waislamu hushika meza siku ya Krismasi, Wakristo hushika meza siku ya Idi. Ni utaratibu ulioanza katika ofisi, hospitali na masoko ya nchi hii kabla ya mtu yeyote kuuandika, na ni aibu kwamba duka lenye watu sita lishindwe kuufuata.

Sasa ageukiwe mnunuzi. Husemwa kwamba mtu mwenye akili hununua mahitaji yake mapema, hivyo maduka yakifungwa hakuna atakayedhurika. Kauli hiyo ni ya mwenye jokofu na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kaya nyingi hununua kwa siku: mafuta ya kula ya kupima, robo ya sukari, nusu kilo ya mchele, fungu la nyanya. Hazinunui hivyo kwa uzembe. Fedha yenyewe huingia kwa siku. Dereva wa bodaboda anayepeleka watu kanisani asubuhi ya Krismasi ndiye anayenunua mchele wa mchana kwa nauli hizo hizo. Akikuta kila dirisha limefungwa kwa amri, sikukuu itakuwa imehifadhiwa kwa jirani yake na kuondolewa mezani kwake. Tena yupo muuza samaki na muuza mboga, ambao mali yao haijui kusubiri hadi keshokutwa.

Idi ina ugumu wake. Siku yake hutegemea kuandama kwa mwezi, na tangazo linaweza kuja usiku, watu wakiwa wamekwisha kufuturu. Ndipo soko linapochangamka kuliko wakati wowote: viatu vya watoto, viungo, nazi, nyama, mafundi wakimalizia kanzu. Amri ya kufunga itakayogusa usiku huo itavunjwa na kila mtu, na amri inayovunjwa na kila mtu huwazoesha watu kudharau hata zile za maana. Asubuhi baada ya sala, kinyume chake, wanunuzi wa duka kubwa huwa wachache. Duka likifungwa saa hizo, hasara yake ni ndogo kuliko kelele zinazopigwa juu yake.

Nchi nyingine zimepita njia hii, na uzoefu wao si wa kupuuzwa. Uingereza ilitunga mwaka 2004 sheria ya biashara ya siku ya Krismasi, inayotumika England na Wales. Maduka yenye ukubwa unaozidi meta za mraba 280 hayaruhusiwi kufunguliwa siku hiyo, lakini maduka madogo yaliachwa yajiamulie. Poland ilichora mstari mwingine. Kwa sheria iliyoanza kutumika Machi 2018, maduka hufungwa Jumapili nyingi za mwaka, ila mwenye duka anaweza kuuza yeye mwenyewe. Mstari huo una hekima, kwa kuwa unamtazama mtu aliyesimama nyuma ya meza badala ya kupima ukubwa wa chumba. Lakini ujanja nao haukukosekana. Kwa kuwa vituo vya posta viliruhusiwa kufunguliwa, maduka makubwa yalianza kupokea vifurushi na kujitangaza kuwa posta, mpaka sheria ikarekebishwa na katazo hilo jipya likaanza mwaka 2022. Anayetunga amri ya kufunga maduka hana budi kutarajia posta za namna hiyo.

Wala hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika halmashauri nyingi wafanyabiashara wanaijua Jumamosi ya usafi, ambapo maduka hufungwa hadi saa nne asubuhi ili watu wafanye usafi. Jambo hilo limefundisha mawili. Likifungwa duka la kila mmoja kwa wakati mmoja, hakuna anayelia kwamba mwenzake amemnyang'anya wateja. Na pale mlango wa mbele unapofungwa huku wa nyuma ukiuza, aliyetii huondoka na hasara na somo baya.

Halmashauri za wilaya zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, na wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni kabla sheria hizo hazijaidhinishwa. Kama jambo hili litafika huko, itafaa lifike likiwa dogo. Lisiguse sikukuu zote za kalenda. Liguse siku ya Krismasi na siku ya kwanza ya Idi el-Fitri na ya Idi el-Hajj, na liguse maduka yanayoendeshwa kwa waajiriwa, si dirisha la mwenye nyumba wala meza ya muuza mboga. Ijumaa Kuu inaweza kujadiliwa na viongozi wa dini, kwa kuwa ni siku ya ibada kuliko ya wageni. Maduka ya dawa, vituo vya mafuta na migahawa ya stendi yabaki nje ya katazo, kwa sharti kwamba wanaokaa zamu wanalipwa kama kifungu cha 25 kinavyoagiza. Faini iwe inayolipika, ila isiwe ndogo kiasi cha kuonekana kama ada ya kufungua.

Kabla ya kufika huko, kuna mengi yasiyohitaji sheria ndogo. Wenye maduka ya barabara moja wanaweza kukubaliana wenyewe, mbele ya Mtendaji, kwamba wote watafunga siku fulani kuanzia saa fulani. Maduka ya dawa yanaweza kupeana zamu, ili mama mwenye mtoto anayechemka homa saa mbili usiku asizunguke milango minne iliyofungwa. Mwajiri anaweza kubandika ratiba ya sikukuu ya wafanyakazi wake mwezi mzima kabla, kila mmoja akajua ataikosa ipi na ataipata ipi. Na mteja naye ana sehemu yake. Anayelaumu duka kwa kufunguliwa Krismasi, kisha akatuma mtoto kununua soda hapo hapo saa tisa alasiri, amekwisha kupiga kura.

Wafanyabiashara watakaokubaliana kufunga wanaombwa kubandika tangazo mlangoni siku saba kabla, likionesha saa za kufunga na kufungua, pamoja na jina na namba ya simu ya duka la dawa la zamu. Kwa Idi, tangazo litaje siku zote mbili zinazowezekana, na liseme wazi kwamba kufunga kutategemea kuandama kwa mwezi.