Ujue Mti Kabla ya Kuupanda

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyotolewa barazani mbele ya wenye mashamba na wakaao mjini.)

Nimeombwa niseme nanyi habari za miti na maua ya kupamba viwanja vya nyumba zetu. Pengine mmoja wenu atauliza, "Je, hilo nalo ni jambo la kuitia watu baraza?" Nami nitamjibu kwa habari iliyonipata mwenyewe.

Nilipokwisha kujenga nyumba yangu nilitaka wigo wa kuzuia vumbi la barabara. Rafiki yangu akanipa miche, nami nikaipanda bila kuuliza jina lake. Baada ya miaka michache wigo ulipendeza mno: majani membamba yenye kung'aa, na maua ya njano mfano wa kengele. Siku moja mtoto wa ndugu yangu alipasua tunda lake na kutafuna kokwa. Jioni alikuwa akitapika, na moyo wake ukipiga kwa kusitasita. Tulimkimbiza hospitali. Daktari akaniuliza, "Ni mmea gani?" Sikuwa na jibu. Ilinibidi kurudi nyumbani usiku, na taa mkononi, kukata tawi nilipeleke. Kwa rehema za Mungu mtoto akapona.

Mmea ule wataalamu huuita Cascabela thevetia. Asili yake ni Amerika, na kila sehemu yake ina sumu, hasa kokwa. Nyumba nyingi za Kenya zinao. Yafaa basi kila mtu autambue, wala asiupande mahali wanapocheza watoto.

Je, mmea hutambulikanaje? Jina la kwetu halitoshi, kwa kuwa kabila hili huuita hivi, na lile huuita vile. Kwa sababu hiyo wataalamu hufuata desturi ya Linnaeus, mtu wa Uswidi, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1753 aliupa kila mmea jina la maneno mawili. Mti ambao Wakikuyu huuita mukinduri ni Croton megalocarpus kwa wataalamu wa nchi zote.

Tena yatazame mambo matano: majani, utomvu, gome, ua na tunda. Chukueni mfano wa mjakaranda, na ule mti wa maua mekundu ustawio sana pwani, ambao asili yake ni Bukini. Isipokuwa na maua, miti hii miwili hufanana, maana majani ya yote miwili yamegawanyika vipande vidogo vidogo kama unyoya. Lakini majani ya mjakaranda hutoka mawili mawili yakielekeana, na ya mwenzake hutoka moja moja kwa kupishana. Tunda la mjakaranda ni bapa na la mviringo. La mwenzake ni refu kama ala ya upanga. Mwenye kutazama vema hakosei.

Ukishindwa, kata tawi lenye majani pamoja na ua au tunda, ulikaushe katikati ya magazeti, ulipeleke kwa wataalamu wa Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, iliyohamishwa kutoka Amani, Tanganyika, ikaletwa Nairobi mwaka 1950. Hiyo ndiyo kazi yao.

Ukiisha kuujua mti, ndipo uchague. Kwanza, wautakia nini: kivuli, kinga ya upepo, wigo, au uzuri tu? Pili, utakuwa mkubwa kiasi gani? Mche wa mgrevilea hutoshea katika kopo, lakini mti wenyewe huweza kupita futi 60. Kibobakasi, mti wetu wenye maua kama moto, hupendeza mbali na nyumba, kwa maana matawi yake huvunjika upesi kwa upepo. Tatu, wanywa maji kiasi gani? Mkaratusi usiupande karibu na kisima wala chemchemi. Bogenvilia hupenda jua na huvumilia kiangazi, kwa hiyo humfaa mwenye maji haba. Nne, je, utakaa pale ulipopandwa? Lantana ililetwa kutoka Amerika kuwa ua la bustani. Leo imeenea malishoni, nayo hudhuru ng'ombe waila.

Wala msidhani kwamba uzuri wote umetoka ng'ambo. Muringa ni mti wa nchi hii: una kivuli kizuri, maua meupe yapendwayo na nyuki, na mbao za kutengenezea viti na meza.

Mabibi na Mabwana, mti ukiisha kushika mizizi, kuung'oa ni kazi kubwa. Mimi nimekwisha kuionja. Wigo ule niliung'oa shina kwa shina, nikachoma kila kokwa niliyoiona, huku nikijitenga na moshi. Mahali pake nimepanda kaiyaba, ambayo miiba yake humwonya mtu mapema, na matunda yake huliwa.

Yule mtoto sasa ni mkubwa. Nikileta mche nyumbani, yeye ndiye wa kwanza kuuliza, "Baba, huu unaitwaje?" Nami sichimbi shimo mpaka nimjibu.