Sanduku la Leso
(Mazungumzo na kikundi cha akina mama, Msambweni)

Leo tuzungumze juu ya sanduku la leso. Msicheke! Kwetu Kwale leso ni mali. Ndiyo tunayojifunga kichwani tukienda matangani, ndiyo mbeleko, ndiyo ya kumpokea mtoto mchanga.

Huku pwani adui wa kwanza ni unyevu. Wakati wa masika, mtandio uliokunjwa ukiwa mbichi huota koga. Basi uanike mpaka ukauke kabisa, ndipo uukunje. Sanduku lisikae sakafuni, liinue juu ya mbao. Kila doti ikunje pamoja, jina likiwa juu, upate unayoitaka bila kufukua zote. Mitandio myepesi iviringishe, ikae kando. Siku ya jua, toa vyote vipate hewa.

Na wadudu je? Wengi wetu huweka zile tembe nyeupe za nafthalini. Hapo nawasihi sana. Mtoto huziona peremende. Tena wako watoto wanaozaliwa na damu isiyoihimili dawa hiyo, na sehemu zenye malaria kama kwetu si haba. Mtoto mchanga kama huyo akifungwa leso yenye nafthalini, damu huweza kuharibika, macho na ngozi vikawa manjano. Mkiona hivyo, msingoje: mpelekeni hospitali mara moja.

Mwarobaini tunao uani. Kausha majani, yafunge kitambaani, weka sandukuni. Hayagharimu hata senti.