Mchicha, Damu na Mfupa: Kazi ya Vitamini K Mwilini

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya afya ya wakazi wanaozungumza Kiswahili, Jumeirah Village Circle, Dubai



Wiki mbili zilizopita dada mmoja anayefanya kazi ya yaya hapa JVC alinisimamisha nje ya Circle Mall, ameshika majibu yake ya maabara. Kwenye mstari mmoja palikuwa na herufi K na mbele yake 3.4, chini kidogo ya kiwango. Shoga yake alikwisha kumwambia kuwa ana upungufu wa vitamini K, naye alikwisha kununua vidonge. Ile K haikuwa vitamini. Kwenye majibu ya damu K ni potasiamu, madini ambayo jina lake la Kilatini ni kalium. Vitamini K ni kitu kingine kabisa, na kwa kawaida haipimwi yenyewe. Daktari huangalia damu inachukua muda gani kuganda.

Nimeomba nafasi hii kwa sababu kati yetu wapo walioacha mboga za majani tangu waliposhuka uwanja wa ndege, na wapo walioambiwa waziache kwa kuwa wanatumia dawa ya moyo. Nataka tusizidharau, na wala tusiziogope.

Tuanze na jina. Mwaka 1929, mjini Copenhagen, mwanasayansi Henrik Dam alikuwa akiwalisha vifaranga chakula kisicho na mafuta ili achunguze kolesteroli. Vifaranga wakaanza kuvuja damu chini ya ngozi na ndani ya misuli, na damu yenyewe ilichelewa kuganda. Akawarudishia kolesteroli, haikusaidia. Mwaka 1935 alitangaza kuwa ipo vitamini mpya, akaiita K kutokana na neno Koagulation, yaani kuganda. Kwetu Waswahili herufi hiyo ni rahisi kukumbuka, maana hata kuganda kwetu kunaanza nayo. Mmarekani Edward Doisy aliitenga na kuonyesha umbo lake la kikemia, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943.

Sasa itazame ikifanya kazi. Unakata kitunguu, kisu kinateleza, kidole kinatoka damu. Mshipa unajibana, chembe sahani zinakimbilia pale na kuziba. Kizibo hicho ni laini, ukigusa tu kinatoka. Kinachokiimarisha ni nyuzi za protini iitwayo fibrini, zinazosukwa juu yake kama wavu. Kusuka wavu huo kunahitaji protini kadhaa zinazotengenezwa na ini, na nne kati yake, zile zinazoitwa kwa namba za Kirumi II, VII, IX na X, hazifanyi kazi bila vitamini K. Ini huziunda zikiwa zimekamilika isipokuwa nanga, ambayo hufungwa humohumo kwenye ini kabla hazijatoka. Vitamini K ndiyo inayowezesha protini hizo kufungwa nanga ya kushika kalsiamu, na kwa kalsiamu hiyo zinatia nanga penye jeraha. Zisipofungwa nanga, zinapita na mkondo wa damu na wavu hausukwi.

Kazi ni hiyo ya kufunga nanga tu, lakini mwili una akiba ndogo sana ya vitamini hii. Ndiyo maana ikishatumika mara moja hurudishwa kwenye hali yake ya kwanza na kutumika tena na tena. Likumbukeni hilo, nitalirudia nikifika kwenye dawa.

Mtoto mchanga huzaliwa karibu mikono mitupu. Kondo la nyuma halipitishi vitamini K ya kutosha, na utumbo wake bado haujapata bakteria wanaoitengeneza. Maziwa ya mama ndiyo chakula bora kwake, hilo halina mjadala, ila kwa jambo hili moja hayatoshi hata mama ale mchicha kutwa mara tatu. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto apewe sindano ya miligramu 1, baada ya ile saa ya kwanza ya kulala kifuani kwa mama na kuanza kunyonya. Asiyepata anaweza kuvuja damu kitovuni au tumboni katika wiki ya kwanza. Inayonitisha mimi ni ile inayokuja baadaye, kuanzia wiki ya pili hadi mwezi wa sita, kwa sababu mara nyingi damu huvujia kwenye ubongo wa mtoto aliyekuwa mzima jana yake. Mwaka 2013 watoto wanne wa Nashville, Marekani, walipatwa na hali hiyo katika kipindi cha miezi minane. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepewa sindano, wazazi waliikataa.

Hofu ya sindano ina chanzo chake. Mwaka 1992 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliihusisha na saratani ya watoto. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuuona uhusiano huo. Bibi akipiga simu kutoka Tanga au Kisumu akiuliza mjukuu wake anachomwa nini, mwelezeni kwa upole kama nilivyowaeleza.

Sasa nije kwenye dawa, na hapa nitakaa kidogo.

Februari 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mkulima mmoja wa Wisconsin alibisha kwenye maabara ya mwanakemia Karl Paul Link akiwa na ng'ombe mfu, chombo kilichojaa damu isiyoganda, na mzigo wa majani makavu ya klova yaliyoota ukungu. Mifugo yake ilikuwa ikiyala na kufa kwa kuvuja damu. Ilichukua miaka kuipata sumu iliyokuwa ndani ya majani yale. Kutokana nayo ikatengenezwa warfarini, iliyouzwa kuanzia mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa wagonjwa. Kinachofanya kazi kwa panya na kwa mgonjwa ni kilekile: warfarini inazuia vitamini K isirudishwe kazini, na protini za ini zinatoka bila nanga. Tofauti ni dozi. Mtaani tunasema dawa ya kuyeyusha damu, lakini damu haiyeyuki. Inachelewa kuganda.

Kwa nini hili lituhusu sisi hasa? Kwa sababu Afrika Mashariki bado tunaumwa sana ugonjwa wa moyo wa rumatiki, unaoanza na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa na kuishia kuharibu valvu za moyo. Aliyewekewa valvu ya chuma anatumia warfarini maisha yake yote. Dawa mpya zisizohitaji kipimo cha kila mara haziruhusiwi kwake. Hata kwa wagonjwa wa rumatiki wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, utafiti wa INVICTUS uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa waliopewa dawa za jamii ya warfarini walipata matokeo mazuri zaidi.

Namfahamu kijana mmoja, mlinzi wa jengo, ana valvu ya namna hiyo. Kliniki moja ilimwambia aache majani yote, asiyaguse. Akaishi kwa wali, chapati na chai ya maziwa, na kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kikatulia kwenye 2 na pointi. Akaenda likizo kwao magharibi mwa Kenya. Mama yake, kwa furaha ya kumwona, akampikia sukuma wiki kila jioni. INR ikashuka hadi 1.4, hatari ya damu kugandia kwenye valvu, na dozi ikapandishwa. Akarudi Dubai kwenye wali na chapati zake, dozi ikiwa ileile ya juu. Asubuhi moja akipiga mswaki aliona sinki limekuwa jekundu. INR ilikuwa imepita 6.

Mimi silaumu sukuma ya mama. Lililomponza ni kuruka kutoka majani sifuri hadi majani kila siku, kisha kurudi sifuri. Anayetumia warfarini ale mboga, ila kwa kipimo kinacholingana wiki hadi wiki, na dozi ifuate sahani. Ukipanga safari, Ramadhani ikikaribia, au ukiandikiwa antibiotiki, mwambie daktari mapema upimwe. Na dada zangu mnaotumia warfarini, mwoneni daktari kabla ya kushika mimba, wala msiiache dawa wenyewe. Dawa hii hupita hadi kwa mtoto, na ikimkuta kati ya wiki ya 6 na ya 12 anaweza kuzaliwa pua imebonyea na ncha za mifupa zina madoadoa.

Madoadoa hayo yanatufundisha kuwa mfupa nao unaihitaji vitamini K. Seli zinazojenga mfupa hutoa protini iitwayo osteokalsini, nayo hushika kalsiamu kwa nanga ileile. Je, tununue vidonge basi? Japani hutumia K2, aina mojawapo ya vitamini hii, kwa dozi kubwa, miligramu 45 kwa siku, kutibu mifupa iliyodhoofika. Lakini utafiti wa Kanada wa mwaka 2008, uliowapa kina mama waliokoma hedhi miligramu 5 za aina nyingine, K1, kila siku, haukuzuia mifupa yao kupungua. Kwa anayekula vizuri, mimi simshauri atumie fedha zake huko. Tatizo letu hapa ni vitamini D zaidi; jua ni kali, tunalikimbia, tunashinda nyuma ya vioo. Ila angalieni chupa: famasia nyingi huuza D3 iliyochanganywa na K2. Ukiazimwa vidonge hivyo na jirani nawe uko kwenye warfarini, umeshaharibu hesabu ya daktari.

Mwanamke anahitaji maikrogramu 90 kwa siku, mwanamume 120. Nusu kikombe cha spinachi iliyopikwa kinapita 400. Vitamini hii haiyeyuki kwenye maji wala haiharibiwi kirahisi na moto, inachotaka ni mafuta ili utumbo uifyonze. Mchicha wa nazi na kisamvu cha nazi ni mapishi yaliyokamilika, bibi zetu walipatia. Hapa Dubai mafungu ya majani ya jarjir na ya kotimiri ya Kiarabu, baqdunis, yanapatikana karibu kila duka. Na ile molokhia ya kwenye friza, iliyokatwakatwa ndani ya pakiti, ni mlenda wetu uleule; niliitambua siku nilipoiyeyusha na kuona inavyovutika kwenye mwiko.

Baada ya chai, wanaotumia warfarini naomba wabaki na kadi zao za INR na kila chupa wanayomezea kitu, hata ya mitishamba. Tutasoma lebo moja baada ya nyingine.